Kukimbia kwa Masikio na Nyayo

Watu wengi, wamwonapo kipofu akikimbia milimani na kamba fupi imemuunganisha na mwenziwe, hushikwa na huruma wakadhani kwamba mmoja amebebwa na mwingine. Nami naiona dhana hiyo kuwa ni dhuluma kwa wote wawili, kwani walifanyalo ni fani yenye kanuni zake, na atakaye kuihukumu hana budi aijue kwanza.

Uwanjani mambo ni mepesi kwa kiasi, maana ardhi ni sawa na hapana cha kujikwaa: wawili hao huenda bega kwa bega, mikono iliyoshika kamba ikienda na kurudi kwa pamoja, na sheria yamkataza kiongozi kutangulia kuvuka mstari wa mwisho. Lakini katika vijia vya porini, ambako mizizi imetambaa juu ya ardhi na mawe hayakutulia mahali pake, aghalabu nafasi ya kwenda sambamba haipo. Kiongozi hutangulia, na mwenziwe humfuata nyuma, pengine wakishikana kwa ufito, huyu ncha hii na yule ncha ile, pengine akifuata mlio wa njuga tu. Hapo ndipo ulimi wa kiongozi unapotahiniwa. Hana wasaa wa kueleza kwamba mbele yao, upande wa kushoto, pana jiwe kubwa la kuhadhariwa, kwani maelezo hayo hayajesha na kidole kimekwisha kupasuka. Husema "jiwe kushoto", "mzizi", "panda", "shuka", na kila neno hulitoa hatua mbili tatu kabla, kwa kuwa likiwahi mno husahauliwa, na likichelewa huwa ni pole tu. Fauka ya hayo hujua kunyamaza, maadamu sauti isiyo na sababu humchosha msikilizaji hata aache kuitii. Laiti wahutubu wetu wangepelekwa huko wakafunzwe!

Mkimbiaji naye si mzigo. Hatua zake ni fupi na za haraka, goti hulipandisha kuliko desturi, na kifundo cha mguu hukilegeza ili ardhi ikigeuka kigeuke nayo. Mpando haumtishi sana, kwani mwendo hupungua. Kazi ni kuteremka, ambako mwili huwa umekwisha kwenda kabla unyayo haujajua utatua wapi. Na wenye uoni hafifu wana mashaka yao tofauti: yuko aonaye pembeni tu, katikati pametoweka, na yuko aonaye kama achunguliaye katika mwanzi, ambaye usiku ukiingia hana kitu. Jua lichujalo majanini, ambalo sisi hulisifu, kwao ni hila tupu, maana kivuli hufanana na shimo, na shimo hufanana na kivuli.

Atakaye ithibati kwamba kamba hiyo huvuta pande mbili na amtazame Henry Wanyoike wa Kikuyu, nchini Kenya, ambaye kiharusi kilimpokonya macho mwaka 1995, angali kijana. Katika Michezo ya Walemavu ya Sydney, mwaka 2000, alishindana mbio za mita 5,000. Kiongozi wake, aliyekuwa mgonjwa, akaishiwa nguvu karibu na mwisho, na Wanyoike ndiye aliyemkokota mpaka mstarini akatwaa dhahabu. Huo ulikuwa uwanja, si pori, lakini hoja ni ile ile. Huko Athens mwaka 2004, akiongozwa na Joseph Kibunja, sahibu yake wa tangu utotoni, alishinda mita 5,000 na 10,000. Wala sistaajabu, kwani watu waliokua pamoja huelewana kwa nusu ya neno.

Basi wewe msomaji mwenye macho na miguu, ukiipenda kazi hii, anza kwa kufunga macho yako mwenyewe na kuongozwa na mwingine katika njia tambarare, upate kujua neno lililochelewa lina uzito gani. Kisha ndipo uishike kamba ya asiyeona. Na kabla hamjaondoka, muulize mwenyewe apenda kuambiwa nini, na nini kiachiwe miguu yake.