Kuipima Hoteli ya Bangili

Kila Agosti na Desemba, magari ya familia huondoka Kiamunyi, Nakuru, yakaiacha barabara ya Eldama Ravine na kushika njia ya Nairobi, nia ikiwa ni Pwani. Wengine huacha gari Nairobi, wakapanda treni ya Madaraka Express pale Syokimau na kushuka Miritini baada ya saa tano au sita. Ni kuteremka kutoka zaidi ya mita 1,800 hadi usawa wa bahari, na kwa nyumba nyingi za huku kwetu ni akiba ya mwaka mzima: zamu ya chama, mkopo wa sacco, au sehemu ya kiinua mgongo cha mwalimu aliyestaafu. Pesa zilizochumwa hivyo zinastahili jicho kali.

Hoteli nyingi za Diani, Shanzu na Watamu huuza malazi ya mkupuo. Unalipa mara moja, unavikwa bangili, na tangu hapo kulala, kula na kunywa hakudai hela nyingine. Mtindo huu hutajwa pamoja na jina la Gérard Blitz, Mbelgiji aliyeanzisha Club Med mwaka 1950 huko Alcúdia, kisiwani Mallorca nchini Uhispania, wageni wake wa kwanza wakilala kwenye mahema. Ulipofika kwetu ulishonwa kwa kipimo cha Mzungu aliyelipia likizo yake yote kabla hajapanda ndege. Sisi wa bara tumeurithi, na ni haki yetu kuujua ndani nje.

Ukielewa hesabu yake, utajua pa kutazama. Katika mkahawa wa kawaida, mwenye jiko hufurahi ukiagiza sahani ya pili, kwa kuwa utailipia. Kwenye hoteli ya bangili pesa zako zimekwisha kuingia. Kila kipande cha samaki unachoongeza kinatoka kwenye faida yake. Kishawishi cha kupunja kipo kila siku, kila mlo. Kwa hiyo mjuzi haipimi hoteli hii kwa upana wa mapokezi wala urefu wa meza ya chakula. Huenda pale ambapo ingeweza kupunja bila mgeni kutambua, akaangalia kama imepunja.

Nyota zina msaada wake. Nchini Kenya hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na zinakuhakikishia majengo, vifaa na kiwango fulani cha usalama. Lakini mkaguzi wa nyota hatakuwepo siku ya nne ya likizo yako, saa nane mchana, sinia la samaki likikaribia kuisha. Wewe utakuwepo.

Maswali ya kabla ya kulipa

Piga simu hotelini mwenyewe, hata kama wakala wa Nakuru amekuandalia kila kitu. Uliza haya:

- Bei hii ni ya wakaazi? Imejumlisha VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2?
- Vinywaji vipi haviko kwenye bangili, na baa inafungwa saa ngapi?
- Mikahawa ya kuagiza kwa menyu imo, au bangili ni ya bufee peke yake?
- Mtoto analipiwa kama mtu mzima kuanzia umri gani?
- Kayaki na miwani ya kutazamia samaki ni bure, au kuna wa kulipwa ufuoni?

Omba majibu kwa maandishi. Hoteli inayojua inachouza itakuandikia saa zake, vinywaji vyake na mipaka yake bila kigugumizi. Ile inayokujibu “Kila kitu kimo, mama, usijali” haijajibu chochote. Na ulipie kwenye akaunti yenye jina la hoteli yenyewe, kamwe si kwa nambari ya simu ya mtu.

Soma bahari kabla ya kalenda ya shule

Bahari ndiyo bidhaa ambayo hoteli haiwezi kuitengeneza, ila inaweza kukuficha tabia zake. Desemba ni kaskazi: upepo wa wastani, maji maangavu. Agosti ni kusi: bahari ina nguvu, mwani unarundikana mchangani, na wavuvi wa vyombo vidogo hawatoki kila siku. Aprili ni masika. Bei hushuka, na baadhi ya hoteli hufunga kwa ukarabati masika yakikolea.

Tazama pia mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, na maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa tofauti inayoweza kukaribia mita nne. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mno mnamo saa nne asubuhi, wakati watoto wako wanapotaka kuogelea. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo hugeuka: asubuhi kuna maji ya kutosha. Mwenye siku tatu tu afadhali azipange kwenye maji mafu. Anayependa kutembea miambani na kutazama viumbe vya kwenye vidimbwi achague bamvua.

Tabia hutofautiana kwa ufuo pia. Kisiwani Unguja, pale Nungwi na Kendwa unaogelea karibu saa zote, ilhali Paje na Jambiani bahari hurudi mbali sana maji yakipwa. Uliza hoteli yako: maji yakijaa kabisa, mchanga unabaki? Kuna kuta za hoteli ambazo bamvua huja kuzigonga, na ufuo uliouona kwenye picha ukawa haupo hadi jioni. Mapokezi makini hubandika jedwali la maji kujaa na kupwa kila asubuhi. Hilo peke yake linakuonyesha kuwa wanafikiria siku yako.

Jikoni, penye ukweli wote

Anza na mpangilio wa bufee. Hila ya zamani ni kutanguliza wali, viazi, tambi na mkate, kuweka samaki na nyama mwisho, na kukupa sahani ndogo. Ukifika kwenye samaki, sahani imejaa. Jiko linalojiamini halihitaji kukuchelewesha hivyo. Tazama pia ukubwa wa masinia. Sinia dogo linalojazwa upya kila mara hutoa chakula kipya kutoka motoni, na sinia kubwa lililotandazwa saa sita litakuwa limekauka saa nane. Fika siku moja dakika 20 kabla ya kufunga. Kama bado kuna samaki wa moto, hoteli hiyo inapika kwa ajili ya kila mgeni. Chakula cha moto kinatakiwa kisishuke chini ya nyuzi 60 za selsiasi, na cha baridi kisipande juu ya 5. Saladi yenye mayonezi iliyokaa kwenye joto la Pwani bila barafu chini yake, iache.

Kisha nenda kwenye nazi. Usiihukumu hoteli ya Diani kwa chipsi, maana viazi huenda vilitoka Molo au Nyandarua, karibu na kwako. Ihukumu kwa tui. Kukuna nazi na kukamua tui la kwanza ni kazi ya mikono na muda. Unga wa nazi wa pakiti ni rahisi, na mgeni asiyezoea hawezi kuutambua. Wewe jifunze. Tui halisi lina utamu mtulivu na mafuta yanayong’aa juu ya mchuzi. La unga huacha chengachenga ulimini na ladha ya sukari. Onja mbaazi za asubuhi. Vunja hamri: liwe limefura, ndani wazi, likinukia iliki, lisikuachie mafuta vidoleni. Hoteli inayokupa soseji na mkate wa kukaanga bila mahamri wala mbaazi imekunyima mji uliousafiria.

Mtihani mkubwa ni samaki wa kupaka. Awe amechomwa kwenye mkaa, ngozi imeshika moto, kisha akapakwa tui zito lenye ukwaju likakaukia juu yake. Wengi hupunja kwa kumtia kwenye oveni na kumwagia rojo la nyanya. Ukiona samaki mzima, mtazame jicho: liwe angavu na limejaa, lisiwe jeupe wala limezama. Nyama ikibonyezwa irudi. Uliza ni samaki gani. Mpishi aliyemnunua kwa wavuvi atakwambia mara moja ni changu, tafi, kolekole au nguru. Anayejibu “samaki tu” amefungua boksi. Na wakati wa kusi, jiko linalokiri kuwa leo wavuvi hawakutoka, likakupikia kuku wa nazi, lina heshima kuliko linalojaza meza samaki wa barafu na kuwaita wa leo.

Zungumza na wapishi. “Mama, mbaazi hizi mmeziunga kwa tui au kwa unga?” Ukiuliza kwa adabu, mpishi mzuri atafurahi kuulizwa, na pengine kesho yake atakuwekea bakuli kando.

Glasi

Kwenye vinywaji kupunja ni rahisi zaidi. Kipimo cha kwanza ni juisi. Embe likiwa msimu wake, kuanzia Desemba, juisi ya embe iwe nzito na yenye nyuzi. Kinywaji chekundu cha unga kwenye jagi la plastiki msimu wa ngowe na boribo ni dharau. Kipimo cha pili ni dafu. Minazi imezunguka hoteli, na wakwezi wapo. Hoteli inayotoa soda bure na kukutoza dafu haijakaa ikafikiria iko wapi. Kipimo cha tatu ni maji ya kunywa: yawepo kila mahali, ya baridi, bila kuhesabiwa chupa.

Kwa wanaokunywa pombe, mtazameni mhudumu akimimina. Atumie kipimo mbele yenu, na chupa iwe na lebo inayosomeka.

Chumba, maji na paa

Mtu wa Kiamunyi anayajua maji. Tumekulia kwenye visima na matangi, na floraidi ya maji ya Nakuru imeacha alama kwenye meno ya wengi wetu. Pwani tatizo ni chumvi. Nyingi za hoteli hizi hutegemea visima, na kuyasafisha maji ya chumvichumvi kunagharimu umeme, kwa hiyo hapa pia kuna nafasi ya kupunja. Nawa kwa sabuni: povu likikataa na ngozi ikabaki inanata, maji hayakusafishwa. Taulo gumu ni shahidi wa pili.

Nusa mto na pazia. Unyevu wa Pwani huleta uvundo haraka, na chumba kinachopigwa hewa vizuri hakinuki manukato ya kufunika harufu. Chandarua kisiwe na tundu. Bwawa la kuogelea ukisikia harufu kali ya klorini, usidhani ni usafi. Harufu ile hutokea klorini inapoungana na jasho na mkojo, na ni dalili kwamba maji yamechoka. Sakafu ya kina kirefu ionekane wazi, na mwokoaji awe anatazama maji, simu iko mfukoni.

Inua macho kwenye makuti. Yaliyosukwa vizuri hupangwa kwa kubanana, tabaka juu ya tabaka, na mchana huoni vitundu vya mwanga. Makuti hushika moto upesi, hivyo tafuta vizima moto, na uone tarehe ya ukaguzi iliyoandikwa juu yake.

Wenyeji na jirani

Muulize mhudumu amekuwa hapo miaka mingapi. Ukisikia mmoja miaka kumi, mwingine kumi na tano, umepata jibu kubwa kuliko nyota: hoteli haikuwafukuza wakati wa msimu mbaya. Chuo cha Utalii cha Kenya kimefundisha wahudumu tangu 1975, lakini ustadi huo hudumu pale tu unapolipwa. Tazama pia kama mama wa Nakuru aliyejifunga leso anasubiri meza sawa na mgeni wa kutoka Ulaya. Zilipotoka tahadhari za usafiri za mwaka 2014, na tena wakati wa korona, Wakenya ndio walioendelea kulala kwenye vitanda hivi. Hoteli inayokumbuka hilo huonyesha kwa salamu na kwa kasi ya huduma.

Mwisho, vuka lango la ufuoni. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaifanya ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa mali ya umma. Hoteli njema huishi na mvuvi anayetia nanga mbele yake bila kumfukuza. Diani, itakukataza kuwalisha nyani na mbega. Usiku, itapunguza taa za upande wa bahari, kwa sababu mwanga huwapoteza kasa wachanga wanaotafuta maji. Hakuna mgeni angelalamika kama haya yasingefanyika, na ndiyo sababu yana uzito.

Ukishajua, sema

Kama bajeti ni moja, chukua siku tatu kwenye hoteli isiyopunja badala ya saba kwenye inayopunja. Na ukiona tui la unga au samaki asiye na jina, mtafute meneja siku ya kwanza umwambie kwa upole, kwa kuwa siku ya mwisho hakuna tena cha kukurekebishia. Ukikuta mahamri mazuri, ingia jikoni ukamshukuru aliyeyakanda, na umwandikie meneja jina lake. Meza za Pwani zilipangwa kwa ulimi wa mgeni wa mbali kwa sababu yeye alisema anachotaka. Wageni wa kutoka Rift wakidai nazi iliyokunwa na samaki wa mvuvi wa jirani, mpishi atawapikia hao, na pesa walizotoka nazo Kiamunyi zitamfikia mkwezi na mwenye ngalawa.