Kitabu cha Mzee Harrison

Mwaka 1775 kilichapishwa huko London kitabu kidogo cha mzee wa miaka 82. Mzee huyo ni John Harrison, seremala aliyekulia kijijini Lincolnshire, ambaye baadaye alitengeneza saa ya kuwawezesha mabaharia kujua mahali walipo katikati ya bahari. Habari zake zilienea duniani kwa kitabu cha Dava Sobel, Longitude, cha mwaka 1995, na kwa kweli ni kitabu kitamu. Lakini kile alichokiandika Harrison mwenyewe, miezi michache kabla ya kufa kwake Machi 1776, hakina wasomaji. Baada ya kukimaliza ninaelewa kwa nini.

Mjukuu wangu alikipata katika intaneti akanichapishia karatasi zote. Nilikisoma kwa wiki sita, kamusi mkono huu, miwani mkono ule. Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, si mtaalamu wa Kiingereza cha karne ya kumi na nane, na mwanzoni nilidhani upungufu ni wangu. La hasha. Sentensi ya mzee huyu huanza vizuri, ikaingia kwenye mabano, ndani ya mabano ikakutana na hasira ya zamani, na inapotoka imekwisha kusahau ilikuwa inakwenda wapi. Anapotakiwa kueleza kifaa kinachoachia gurudumu jino moja moja, anageuka kuwasema wasomi waliomhukumu. Halafu, msomaji utashangaa, anaacha saa kabisa na kuingia katika ngazi ya sauti za muziki!

Na humo humo, katikati ya vurugu hilo, kuna dai la ajabu. Anasema saa ya timazi, yaani ule uzito unaobembea katika saa ya ukutani, ikitengenezwa kwa njia yake, inaweza isikosee zaidi ya sekunde moja katika siku 100. Wenzake walipendelea uzito mkubwa unaobembea kidogo tu. Yeye alitaka uzito mwepesi ubembee kwa upana, ukisukumwa na kifaa ambacho kwa jinsi miguu yake inavyorukaruka kiliitwa panzi. Wahakiki wa siku zile walimcheka. Ati ni mzee aliyeishiwa.

Ili kulipima dai hilo, shika ufito wa timazi. Timazi inayokwenda upande mmoja kwa sekunde moja ina urefu wa sentimeta 99 na kidogo. Ukiirefusha kwa milimeta moja tu, saa itachelewa sekunde 43 kwa siku. Joto likipanda nyuzi moja, ufito wa chuma hurefuka kiasi cha kuchelewesha saa karibu nusu sekunde kwa siku. Hata mahali penyewe pana neno. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa Cayenne, karibu na Ikweta, akaona inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku, kwa kuwa uzito wa vitu huku kwetu umepungua kidogo kuliko kule kwao. Sekunde moja kwa siku 100, basi, si jambo la kusemwa kwa mzaha.

Kosa la kitabu hiki si lugha peke yake. Nimesahihisha insha za watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, na lugha mbovu yenye nia safi huwa inafika. Tatizo ni kwamba Harrison hakuwa anamwandikia mtu atakayekuja kuitengeneza saa. Alikuwa anaandika utetezi. Mwaka 1765 alishurutishwa kuifungua saa yake ya baharini mbele ya kamati, kipande kwa kipande, na kuieleza, kisha akaamriwa kuikabidhi. Mtu aliyepitia hayo huandika akiwa amebana mlango kwa mguu. Anakuonyesha kuwa ndani kuna mali, lakini hakuachii nafasi ya kuingia. Ningempa alama zote za maarifa, na sifuri ya andalio la somo.

Malipo ya kosa hilo yalikuwa makubwa. Dai lake lilikaa miaka zaidi ya mia mbili likihesabiwa kuwa porojo. Katika miaka ya 1970 Mwingereza mmoja, Martin Burgess, mtengenezaji wa saa za sanaa, alianza kuunda saa mbili kwa mawazo ya Harrison. Moja ilikwenda mji wa Norwich. Ya pili, iliyoitwa Saa B, ilikaa kwenye karakana yake miaka nenda rudi bila kukamilika. Mwaka 2009 ilichukuliwa na Donald Saff, msanii wa Marekani anayependa saa, naye akawapa mafundi wa kampuni ya Charles Frodsham waimalizie. Mwaka 2015 ilipimwa Greenwich ikiwa imefungiwa ndani ya kasha. Kwa siku 100 ilichelewa sekunde 5/8.

Wako watakaosema hiyo si saa ya Harrison, kwani imetumia madini ambayo yeye hakuyajua. Ni kweli, na waliomsifu siku ile wangefanya vyema kulitaja hilo kwa sauti zaidi. Lakini mimi kilichonigusa ni Burgess kukubali kitu ambacho hakijakamilika kitoke mikononi mwake. Harrison hakuliweza hilo. Na mimi, sina budi kukiri, nilikuwa sijaliweza.

Nilipostaafu nilijitengenezea saa katika stoo ya nyuma. Mashine yake niliitoa kwenye saa kuukuu ya ukutani. Ufito ni wa mninga niliouchemsha katika nta ya mishumaa. Uzito ni kopo la maziwa ya unga lililojaa risasi. Kuipima nilitumia njia ya Harrison huyo huyo alipokuwa kijana: unasimama mahali pamoja, unaangalia nyota hadi ipotee nyuma ya ukingo wa nyumba ya jirani. Kila usiku nyota hiyo hupotea dakika 3 na sekunde 56 mapema kuliko jana yake, haichoki wala haikosei. Usiku wa mawingu nilitegemea ile milio sita ya redio. (Jirani alipoezeka upya nilianza hesabu zote mwanzo. Hakuelewa kwa nini sikumpongeza kwa bati zake.)

Macho sasa yamedhoofika, nyota naziona mbilimbili. Kwa hiyo niliamua kumpa kijana mmoja, fundi wa redio na saa, ambaye jambo hili limemkaa moyoni. Nilikaa mwezi mzima nikinakili daftari langu upya kwa kalamu nzuri, siku ya 1, siku ya 2, hadi mwisho, na mistari nilipiga kwa rula. Nikamkabidhi pamoja na saa. Baada ya wiki mbili alirudi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Saa inakwenda?"

"Inakwenda. Ila Mwalimu, naomba kuuliza. Kati ya siku ya 112 na siku ya 113, nyota imewahi kwa karibu saa moja na robo."

Nilinyamaza. Alikuwa amegawanya kwa dakika 3 na sekunde 56, akapata siku 19.

Zilikuwa siku za masika. Mbao za mninga zilivuta unyevu licha ya nta yangu, ufito ukarefuka, na saa ikachelewa sekunde tatu, nne, hata tano kwa siku. Wakati wa kunakili niliziruka, nikaunganisha namba za siku kana kwamba mvua haikunyesha. Niliona haya. Nilitaka apokee saa nzuri kutoka kwa mwalimu aliyejua anachofanya. Na huku mezani pangu zilikuwapo karatasi za Harrison, pembeni nimeandika kwa wino mwekundu kwamba huyu mzee anaficha alipokosea.

"Hizo siku 19 ndizo ninazozihitaji, Mwalimu," alisema. "Bila hizo masika ijayo nitadhani ni mimi nimeiharibu."

Nilikwenda stoo nikaleta daftari la kwanza. Jalada limeliwa na panya, kurasa zina matone ya nta, na mahali pengine niliandika gizani bila kufuata mstari. Alilifungua pale pale barazani, akasoma Aprili yote kwa kidole. Kisha akanionyesha neno moja kando ya siku ya kumi na nne ya zile 19, akauliza ni nini. Niliweka miwani, nikalisogeza kwenye mwanga. Ni mwandiko wangu, lakini sikuweza kulisoma.

Alilichukua hivyo hivyo.