Tabaka la Pili Lina Saa Yake

Buji ya dukani kila mtu wa Bukavu anaijua: nyeupe, nyembamba, inasimamishwa kwenye kisahani kwa matone ya nta yake yenyewe, na mara nyingi inakwisha kabla umeme haujarudi. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu pale pale mjini na kuzungusha mitambo ya Ruzizi I na Ruzizi II, lakini delestaji, yaani mgao wa umeme, haijahama, kwa hiyo buji nayo haihami. Anayetaka kutengeneza nyumbani mshumaa wa glasi wenye tabaka za rangi anaweza kuanza na buji hizo hizo. Anazivunja, anatoa tambi, anaiyeyusha nta upya. Hadi hapo hakuna ufundi.

Ufundi unaanza kwenye moto, na kwa moto watu wa Mudaka, kwenye nyanda za juu karibu na Bukavu, wana bahati ambayo hawakuiomba. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Kavumu, mbele kidogo ya Mudaka kwenye barabara ya kwenda Goma, uko mita 1,720 hivi. Kwenye nyanda hizi maji huchemka karibu na nyuzi 95, si 100. Nta ikiwa kwenye kopo, na kopo likiwa ndani ya sufuria ya maji, haiwezi kupita joto hilo hata jiko la mbabula lijae makala mekundu. Mbabula haina pa kupunguzia moto, kwa hiyo maji ndiyo yanayoshika hatamu. Nta ikiwekwa moja kwa moja juu ya makala hupanda joto kimyakimya. Haitokoti kama maji ili ikuonye, na ikifika nyuzi mia mbili hivi mvuke wake unaweza kushika moto. Ikiwaka, funika kwa mfuniko. Ukimwaga maji, moto utaruka jikoni kote. Na penye makala, kama kawaida, mlango uwe wazi.

Baridi ya milimani, kwa upande wake, ni adui. Glasi iliyopoa ikipokea nta ya moto inaweza kupasuka, na hata isipopasuka, nta hushikana nayo vibaya na kuacha madoa kama ya unyevu. Fundi mzuri huipasha glasi kwanza, kisha huizungushia kitambaa ili kingo zisigande mapema mno kuliko katikati.

Halafu anangoja. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Tabaka la kwanza likishamwagwa huanza kupoteza uangavu wake ukingoni; weupe wa maziwa unatambaa kuelekea kwenye utambi, uso unakaza, lakini chini bado kuna ulaini. Ukimwaga tabaka la pili mapema, rangi zinaingiliana na unapata tope. Ukichelewa, la kwanza linakuwa limepoa kabisa; la pili litalikalia tu bila kushikana nalo, na siku moja zitaachana. Katikati ya makosa hayo mawili kuna dakika chache ambazo saa ya ukutani haiwezi kuzitaja, kwa sababu zinabadilika na unene wa tabaka na upepo wa mlangoni. Kidole kinazijua: uso unabonyea kidogo, kama bugali iliyoanza kupoa, na haunati. Nta ya pili nayo isiwe ya moto kupita kiasi. Nyuzi 65 au 70 zinatosha kulainisha ngozi ya ile ya chini bila kuitoboa.

Nta husinyaa inapoganda, kwa hiyo kishimo hutokea kuzunguka utambi. Kinatobolewa kwa kijiti na kujazwa kwa nta ya rangi ile ile kabla ya kuendelea. Anayetaka tabaka za mshazari huiegemeza glasi kwenye bakuli la maharage makavu. Rangi za chakula zilizochanganywa kwa maji hazikubaliani na nta, zinazama chini. Matone machache ya mawese, kwa kuwa ni mafuta, huyeyuka ndani yake na kutoa njano ya machungwa, ingawa mwanga wa jua huififisha.

Macho yote huenda kwenye rangi, na utambi unasahaulika. Mwaka 1825 Mfaransa Cambacérès alisuka utambi wa pamba ili ncha yake ijikunje na kuungua pembeni mwa mwali; kabla ya hapo watu waliketi na mkasi wakikata ncha kila mara. Kwenye mshumaa wa tabaka kazi ya utambi ni ngumu zaidi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 na hudai utambi mnene kuliko nta laini ya parafini. Ukizipanga pamoja bila kufikiri, mwali utakuwa mkali juu na utazama chini, au utachimba shimo katikati na kuacha nta nzima ukutani mwa glasi. Ndiyo maana ninawapa heshima wanaotumia aina moja ya nta na kubadili rangi peke yake: uzuri wao umeufikiria moto.

Mshumaa wa tabaka nne unaozimika kwenye la pili ni pambo la kabati tu. Ukitaka kununua, usianze na rangi wala bei. Muulize fundi kama amewahi kuuwasha mmoja mpaka ibaki sentimita moja chini, kisha akauzima, maana chini ya hapo glasi inaweza kupasuka. Akikosa jibu, nunua buji ya dukani.