Joho na Linachokifunika

Kila mwaka, msimu wa mahafali unapowadia, vyuo vikuu vyetu hutoa tangazo lenye masharti: nani avae joho la namna gani, nani avae kofia ipi, saa ngapi wahitimu wawe wamekwisha kujipanga, joho lirudishwe lini na atakayechelewa atozwe kiasi gani. Watu wengi huyasoma masharti hayo kama wasomavyo ratiba ya mabasi. Mimi niliyewafundisha walimu chuoni, kisha nikamaliza utumishi nikiwa mkuu wa shule, nimezoea kusahihisha kila maandishi yanayopita mbele ya macho yangu, na kwa mazoea hayo naomba msomaji aniruhusu niyasahihishe na haya. Kanuni ya mavazi ni maandishi kama yalivyo maandishi mengine. Ina mtunzi na ina hadhira. Yapo inayoyasema waziwazi na yapo inayoyanyamazia.

Tuanze na asili yake. Joho la chuo kikuu lilizaliwa Ulaya katika karne za kati, wakati vyuo vilipokuwa chini ya Kanisa na wanafunzi wakihesabiwa pamoja na makleri. Kumbi zilikuwa za mawe, baridi ilikuwa kali, na vazi refu na zito lilikuwa jambo la lazima. Kile kitambaa cha rangi kinachoning'inia mgongoni mwa mhitimu wa leo kilikuwa kofia ya kujifunika kichwa. Baridi ilipoacha kuwa hoja, kofia iliteremka mgongoni ikabaki kuwa alama ya shahada. Huko Oxford, ambako wanafunzi hadi leo hufanya mitihani wakiwa na majoho, waliulizwa kwa kura mwaka 2006 na tena mwaka 2015 kama waliache vazi lao rasmi la mitihani. Mara zote mbili wengi walisema libaki.

Kwetu sisi joho lilifika kwa njia ya London. Makerere ilianza kuandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na mwanafunzi wa huko alitambulikana kwa joho lake jekundu. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15, nacho kilikuwa chini ya ulezi wa London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Chuo kilibadilisha walezi. Joho halikubadilisha ukoo.

Hapa ndipo wakosoaji wengi husimama na kusema: basi litupwe, ni la wageni. Mwaka 2010 waziri mmoja wa India, Jairam Ramesh, alilivua joho lake hadharani katika mahafali mjini Bhopal, akilikataa kuwa ni masalio ya ukoloni. Nauheshimu uchungu wake, lakini hoja hiyo peke yake haitoshi. Neno lenyewe "joho" hatukulipata chuo kikuu. Lilitufikia kutoka Uarabuni, na watu wa pwani walilitumia kwa vazi la masultani, makadhi na waungwana, na bwana harusi alilivaa siku yake, kabla Mlimani hapajajengwa hata darasa moja. Vivyo hivyo siwa. Bunge letu linaita siwa ile rungu ya heshima inayotangulia mbele ya Spika, na jina hilo tumelirithi kutoka kwa pembe kuu zilizopulizwa Lamu na Pate katika shughuli za wakubwa. Hata huku kwetu bara, watemi wa Usukuma na Unyamwezi walivaa alama ya utawala iliyochongwa katika kombe la bahari, na wengi wao bahari hawakupata kuiona maishani. Kombe lilikuja na misafara ya biashara, likageuka kuwa utemi. Hakuna Msukuma aliyesema kwamba utemi ule ulikuwa wa pwani kwa sababu kombe limetoka pwani. Kitu cha kigeni huwa chetu pale tunapokipa kazi yetu. Swali la kuuliza, basi, ni joho tumelipa kazi gani.

Jibu moja lilitolewa tarehe 22 Oktoba 1966, na ni jibu la kusikitisha. Siku hiyo wanafunzi wapatao 400, walio wengi wakiwa wa chuo cha Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa. Serikali ilikuwa imewataka wasomi walitumikie kwa miaka miwili: miezi mitano kambini, na muda uliosalia wakiwa kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao. Bango mojawapo lilidai kwamba enzi za ukoloni zilikuwa na nafuu. Aliyewapokea alikuwa Mwalimu Nyerere, mhitimu wa Makerere na Edinburgh, ambaye wakati huohuo alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Yaani ndiye aliyevaa joho kubwa kuliko yote. Aliwarudisha makwao karibu wote, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata, na kabla ya hapo, Februari na Machi 1967, nchi ilikuwa imepata Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea.

Watu hulijadili tukio hilo kama jambo la siasa tu. Mimi naliona pia kuwa somo la mavazi. Hapakuwa na kanuni ya kumwamuru mwanafunzi avae joho kwenda Ikulu. Walilivaa kwa sababu walijua linasema nini: sisi si kama wengine, na asiye kama wengine hadai sawa na wengine. Hakuna mhadhiri aliyepata kulieleza joho kwa ufasaha kama walivyolieleza wao siku ile. Na kosa halikuwa la kitambaa. Kosa lilikuwa la malezi yaliyowafundisha kulivaa bila kuwafundisha deni linaloambatana nalo.

Sasa tuangalie upande wa pili, maana mkosoaji asiyetaja jema la kitu anachokikosoa huyo ana kinyongo tu. Joho lina jema moja kubwa: linafunika. Mtoto wa waziri na binti wa mkulima wa Kishapu wakisimama safu moja wamevaa vazi moja, na kinachowatofautisha ni shahada waliyosomea, si mfuko wa baba. Jamii inayopenda kupimana kwa mavazi inahitaji siku moja ya namna hiyo. Kama kanuni zingekuwa na lengo hilo tu, ningezipa alama zote.

Lakini zisome vizuri. Zinaeleza upana wa mkono wa joho la shahada ya kwanza, la uzamili na la uzamivu, na kukinyamazia kimya kile kinachomuumiza mzazi: nauli ya kutoka Geita hadi Dar es Salaam, malazi, suti mpya, viatu, saluni, mpiga picha, na ukumbi wa sherehe jioni. Joho hufunika mwili wa mhitimu, halifunuki hata kidogo kuonyesha ng'ombe aliyeuzwa. Wapo vijana wanaotunukiwa shahada bila kuwapo, si kwa kuwa wana safari, bali kwa kuwa nyumbani hakuna cha kuuza. Shahada yao ni halali sawasawa na ya waliohudhuria, na jambo hilo lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa kuliko tarehe ya kurudisha majoho.

Sisi tunaoishi katika ukanda wa dhahabu tuna kipimo kizuri cha kanuni za mavazi, nacho ni lango la mgodi. Katika migodi mikubwa, kama ule wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000 au ule wa Bulyanhulu uliofuata mwaka 2001, mtu haruhusiwi kufika penye kazi bila kofia ngumu, viatu vya usalama na kizibao kinachong'aa. Awe mkurugenzi, awe mgeni wa serikali, sharti ni moja. Kila kifaa kina sababu unayoweza kumweleza mtoto wa darasa la pili, na mwajiri ndiye anayekitoa. Nenda kwa wachimbaji wadogo, utamkuta kijana akishuka shimoni kwa kamba, kichwa wazi, ndala miguuni. Hapo kukosa vazi kunaweza kuwa kifo. Nikiisogeza kanuni ya chuo kikuu karibu na ile ya mgodi, naona chuo kimeiga ukali wa mgodi bila kuiga haki yake. Kanuni ya haki inamweleza mtu kwa nini, na inampa kile inachomdai.

Aidha, tazama lilikofika joho leo. Watoto wa shule ya awali, ambao bado hawajajua kufunga kamba za viatu, wanavalishwa joho na kofia ya pembe nne yenye kishada, wazazi wakitozwa mchango. Darasa la saba nao, kidato cha nne nao. Najua furaha ya mzazi ni kitu cha kuheshimiwa, wala simcheki mtoto. Namlaumu mtu mzima aliyemwambia kwamba amehitimu. Alama inayopewa kila mtu kabla ya kazi haimheshimu tena aliyeifanya kazi. Na mtoto aliyevaa joho mara tatu kabla ya kufika chuo kikuu atafika huko akidhani elimu ni picha ya ukutani.

Linganisha na walimu wa UPE. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipoamua kila mtoto aingie shule ya msingi, walihitajika walimu kwa maelfu, nao wakaandaliwa vijijini, wakisoma na kufundisha kwa wakati mmoja. Walidharauliwa, wakatungiwa utani, na hakuna aliyewavika joho. Ndio waliowafundisha kusoma wengi wa wazazi wa hao wanaotunukiwa shahada leo. Simsemi vibaya mwenye joho nikiwataja. Nakumbusha tu kwamba heshima ya elimu nchini humu ilibebwa kwa miaka mingi na watu waliovaa mashati yaliyofifia.

Nini kifanyike basi? Nilizoea kumwambia mwanachuo wangu kwamba kalamu nyekundu isiyoonyesha njia ni ya kuumiza tu. Kwanza, chuo kiwe na majoho yake na kimwazime mhitimu bila malipo, kama mgodi unavyotoa kofia. Pili, mahafali yasogezwe karibu na watu kila inapowezekana, ili mama asiuze ng'ombe kwa ajili ya safari. Tatu, joho lishonwe kwa pamba. Mkoa wa Shinyanga na jirani zake ndio kitovu cha pamba ya nchi hii. Tumeilima tangu enzi za wakoloni, na sehemu kubwa yake bado inasafirishwa nje ikiwa haijasokotwa uzi. Mwanza tulikuwa na kiwanda cha Mwatex. Halafu tunamvika msomi wetu kitambaa cha plastiki kinachomtoa jasho juani, kilichofumwa nchi za mbali. Ghana waliona mapema kwamba mtaji wao ni kente, na leo utepe wa kente unavaliwa katika mahafali hata na Wamarekani weusi. Sisi vazi la taifa tumelijadili katika kamati na hatukulimaliza. Si lazima tumalize hilo kwanza. Inatosha mkulima wa Kishapu akaribie jukwaa, aguse mkono wa joho la binti yake, na aujue uzi wake.

Nne, na hili halihitaji fedha. Watu wamekwisha kujitungia kanuni yao wenyewe nje ya ukumbi, isiyoandikwa popote: mhitimu huivua kofia akamvika mama, kisha wote wawili wakapigwa picha. Pengine wapo watunza nidhamu wanaoona kwamba hilo linaishushia hadhi kofia. Mimi nikipewa nafasi ya kuandika sharti moja tu katika lile tangazo la mahafali, ningeandika hilo, na ningelifanya la lazima.