Galactica: Manowari Isiyosahau Kipigo

Kuipa meli ya kubuni historia ni kazi rahisi mno. Mhusika mmoja anasimama, anataja vita ambavyo chombo chake kilipigana, mtazamaji anatikisa kichwa, dakika tano baadaye keshasahau. Battlestar Galactica, tamthilia ya televisheni ile iliyofumwa upya na Ronald D. Moore mwaka 2003, ilipita njia ngumu. Yaliyoipata manowari hiyo, hata kabla hadithi haijaanza, yamegeuzwa kuwa vyombo: simu, mlango, ukuta, mtambo unaofanya kazi au uliokufa. Waandishi wakajifunga kuishi navyo hivyo hivyo.

Moore alikuwa na sababu. Alikuwa ameandikia Star Trek kwa miaka mingi, na mwaka 1999 akapita Voyager, mfululizo mmojawapo wa Star Trek, kwa muda mfupi tu. Voyager ni chombo kilichopotea umbali wa miaka nuru 70,000 kutoka kwao, mbali na karakana yoyote ya serikali yake. Mapema kabisa tunaambiwa kina torpedo 38 na hakuna pa kupata nyingine. Mashabiki, watu wasio na dogo, wakahesabu: zilirushwa nyingi kuliko hizo. Na ukuta uliotobolewa wiki hii, wiki ijayo unang'aa kama mpya. Moore alipoondoka alililalamikia hilo hadharani.

Galactica tunaikuta siku inayostaafishwa. Ina miaka kama 50, ni mojawapo ya zile 12 za kwanza, na vita dhidi ya Cylon, mashine zilizowaasi binadamu waliozitengeneza, vimekwisha miaka 40 iliyopita. Gati la ndege la upande wa kulia ni makumbusho sasa, lina hadi duka la zawadi. Risasi zimeshateremshwa. Laura Roslin, Waziri wa Elimu, anataka kompyuta za makumbusho ziunganishwe kwa mtandao ili ziwafae walimu. Kamanda William Adama anakataa katakata: melini mwake hakuna mtandao. Tunamwona mzee mkaidi aliyegandia vita vya ujana wake, na Roslin naye anamwona hivyo hivyo.

Halafu Cylon wanashambulia. Wameshajipenyeza katika programu ya kuongozea meli ambayo jeshi zima linaitumia, na manowari za kisasa zinazimika moja baada ya nyingine bila kujibu hata risasi moja. Galactica, ambayo kila kompyuta yake inafanya kazi peke yake na amri hupitishwa kwa simu za mkono zenye waya, haina mlango wa kuingilia kirusi. Ndege zake mpya, Viper za Mark VII, zinauawa kwa hila ile ile. Zilizobaki ni Mark II za maonyesho, nazo inabidi zisukumwe kwa mikono hadi upande wa kushoto, kwa sababu huku kulia hazirukiki: kuna duka.

Mimi hapo ndipo ninapovua kofia. Mwandishi mvivu angeufanya uzee uwe baraka tupu. Hapa uzee ule ule uliowaokoa ndio unaowachelewesha, ndani ya kipande kimoja cha hadithi, bila mtu yeyote kutoa hotuba kuuhusu.

Na deni halifutwi. Mwanzoni mwa msimu wa pili, meli inapopoteza msafara wa meli za walionusurika unaosafiri nayo, Luteni Gaeta anaunganisha kompyuta kwa muda mfupi ili kupiga hesabu ya kuupata. Hesabu inakamilika, ila kirusi nacho kimeingia, na vipindi kadhaa baadaye bado kimo ndani, kikivuruga mitambo. Msimu wa tatu, Adama anairusha meli, kwa ruko la kuhama papo kwa papo, hadi ndani ya anga ya sayari ya New Caprica. Inaporomoka kuelekea ardhini huku imezungukwa na moto, inamwaga Viper zake, kisha inaruka tena na kutoweka. Ni tukio la kushangiliwa, lakini majeraha ya siku ile meli haikuyavua tena. Picha zake za nje baada ya hapo zina mabamba yaliyoungua.

Msimu wa mwisho, fundi mkuu Tyrol anagundua nyufa katika kiunzi cha meli, na sehemu ya lawama inawaendea walioijenga, waliolipua kazi tangu mwanzo. Kwa hiyo historia ya nyuma inaendelea kudai hata sasa. Dawa iliyopo ni utomvu wa Cylon wa kupakwa kwenye mihimili. Adama, aliyekataa hata waya wa mtandao, anakataa, kisha anakubali. Baadaye tunamkuta na brashi akipaka rangi ukuta wa chumba chake, mpaka analegea na kuanguka akilia. Katika vita vya mwisho, baada ya kuigonga ngome ya adui, ruko moja tu linatosha kuuvunja uti wa mgongo wa meli.

Kasoro ipo. Maji, mafuta na watu vinahesabiwa kwa ukali. Roslin ana ubao wa idadi ya walionusurika, na unaanza na 50,298. Risasi, ambazo siku ya kwanza zilikuwa balaa hadi ikabidi wakazisake katika ghala la Ragnar, baadaye zinamiminwa kana kwamba kuna kisima chake. Hapo Moore alikopa kidogo kutoka Voyager.