Kitereza na Fahari ya Kwao

Wapendwa, Nathanaeli aliposikia kwamba Yesu anatoka Nazareti, alitilia shaka kama jambo jema lingeweza kutoka mahali kama pale (Yohana 1). Shaka hiyo wanayo vijana wetu wengi wa Nyarubungo. Wakiwa Mwanza au Dar es Salaam, wakiulizwa kwao ni wapi, hujibu "Kagera" tu, na hutumaini kwamba muulizaji ataelewa Bukoba mjini.

Kwa ajili yao napenda kukitazama kitabu cha Aniceti Kitereza, katekista Mkatoliki wa kisiwa cha Ukerewe. Alisoma seminari ya Rubya, humu humu mkoani Kagera, akajifunza Kilatini na elimu ya Ulaya. Hata hivyo, alipoandika kazi kubwa ya maisha yake aliiandika kwa Kikerewe, lugha ya watu wa kwao. Aliimaliza mwaka 1945, ikakosa mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata mzee akafariki.

Wapo wanaokilaumu kwa urefu wake. Ni kweli, hadithi husimama mara nyingi ili tuelezwe uvuvi, kilimo, salamu za ukweni na namna ya kukamua pombe ya ndizi. Lakini humo ndimo fahari yake ilimo. Hasemi kwamba Ukerewe inapita nchi nyingine. Anaitazama kwa makini mpaka nasi tunaiona. Mwenye majivuno hana muda wa kueleza jinsi jirani anavyosaidia kubeba mtungi.

Wengine huuliza ilikuwaje katekista akaandika habari za waganga na mizimu bila kuhubiri. Mimi naona alifanya kazi ya shahidi mwaminifu. Katika Kanuni ya Imani twakiri kwamba Mungu ni Muumba, naye hakungoja wamisionari ndipo aanze kuwapa watu wa ziwani mvua, samaki na upendo wa ndoa. Tena Kitereza hapaki rangi ubaya. Bugonoka hana mtoto, na ndugu wa mume wanamsimanga hadi wazazi wake wanamrudisha nyumbani. Mila hiyo hiyo iliyotupatia salamu nzuri ndiyo iliyomliza mwanamke huyu.

Hapa ndipo kitabu kinapopata uzito. Myombekere anamfuata mkewe, anawaomba wakwe, anakubali faini ya pombe. Anatukumbusha Elkana, aliyemfariji Hana katika machozi yake (1 Samweli 1). Nayo haikuandikwa na mtu wa mbali: watoto wa Kitereza mwenyewe walifariki wakiwa wadogo. Baadaye Bugonoka anapata watoto, na kwangu sehemu hiyo ina nguvu kidogo kuliko ya kwanza, kwa sababu heshima yake inarudi kwa njia ya uzazi. Laiti mwandishi angetuonyesha jamii ikimheshimu kabla ya mimba! Injili inatudai zaidi ya hapo. Mwanamke asiye na mtoto katika usharika wetu ni binti wa Mungu leo, amebatizwa, hadaiwi kitu.

Basi vijana, na ninyi wazee mnaojua, andikeni habari za Nyarubungo. Andikeni kwa Kihangaza, kwa Kishubi, kwa Kiswahili. Chora, imba, suka. Semeni migomba na vilima, semeni pia tunavyowasimanga watu. Msingoje mchapishaji. Kitereza alingoja miaka 35, lakini kazi yenyewe ilikuwa tayari imekamilika, na Bwana aliyekulia Nazareti alikuwa ameiona.