Maktaba ya Mfukoni

Tulipotoka Mikumi kwenda Kilosa kuwafundisha wainjilisti, tulichukua kishikwambi chenye vitabu zaidi ya elfu moja. Uzito wake haukufikia ule wa Biblia yetu. Twapenda kukipima hapa kama tunavyopima kitabu chochote kiletwacho mbele yetu: kina nini ndani yake, nacho chamfaa nani?

Wema wake ni dhahiri, hasa kwa watu wa Kilosa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliingia katika nyumba nyingi za huko, na kitabu kilicholowa matope hakiponi. Tena, J. T. Last, mmisionari wa CMS aliyekaa Mamboya, alichapisha mwaka 1885 maneno na sentensi za lugha na lahaja 48, Kikaguru kikiwamo. Kazi hiyo, ambayo zamani ilihitaji safari ya kwenda maktaba za Ulaya, sasa yapatikana bure katika intaneti.

Lakini tulipotafuta mahubiri ya Kiswahili katika elfu ile, hatukuona hata moja. Vingi vilikuwa vya Kiingereza cha karne ya 19, kwa maana vilivyokwisha hakimiliki ndivyo vigawiwavyo bure. Luther, alipowasihi madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 waanzishe maktaba, alitaka vitabu vichaguliwe. Vyetu havikuchaguliwa na mtu, vilikusanyika tu.

Linalotusumbua zaidi ni swali la umiliki. Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta nakala za Animal Farm na 1984 za George Orwell katika vifaa vya watu waliokwisha kuzilipia. Mkuu wake aliomba radhi, ni kweli, ila uwezo wa kufuta ulikuwa umekwisha kuonekana. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, imo katika rafu yetu. Mchwa wameionja pembeni. Kampuni haijaweza kuifuata.

Huko Kilosa mwinjilisti mmoja alituuliza, “Mchungaji, nikinunua kitabu humu, nitaweza kumrithisha mwanangu?” Tulimjibu kwamba vile vya bure aweza kuvinakili apendavyo, bali vingi vya kununua humpa mnunuzi ruhusa ya kusoma tu. Akanyamaza kidogo, kisha akatoa simu yake akaomba tumnakilie kile cha Last.